Kiingereza cha Biashara na Simu ya Mkononi

Watu wengi wa huku mlimani wakisikia kutajwa Kiingereza cha biashara hudhani kwamba ni Kiingereza kingine kabisa, chenye maneno ya siri waliyopewa wakubwa wa benki peke yao. Sivyo. Ni kile kile cha darasani, ila kimevaa nguo za kazi: kuuliza bei, kutaja bei, kuagiza mali, kukumbusha deni kwa adabu, kukataa bila ya kumchukiza mtu, na kuahidi lile tu liwezekanalo. Hilo la mwisho ndilo gumu kupita yote, nasi tutalieleza kwa urefu mbele kidogo, maana liliwafikia watu tunaowajua, na nusura liwatie hasarani.

Sisi twafundisha shule ya msingi mchana, katika mitelemko ya Kilimanjaro upande wa Moshi, na tangu mwaka 2022 tumekuwa na darasa la jioni mara mbili kwa juma. Wanafunzi wa jioni si watoto. Wamo makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, wamo vijana wanaoongoza wageni, yumo fundi cherehani anayeshonea duka la watalii, na akina mama wawili wanaokusanya maparachichi ya jirani zao wakayauza pamoja. Baadhi yao wametuzidi umri sana, hata sisi huwaamkia "Shikamoo" kabla ya kuwasahihishia madaftari. Nao huitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha huzipokea alama zao, ziwe nyingi au chache, kwa unyenyekevu unaotushangaza kila mara.

Haja yao ni moja. Zamani barua ya Ulaya ilichukua majuma mengi njiani, na mtu aliyeipata alikuwa na nafasi ya kumwendea mchungaji au mwalimu akasomewa, akaenda kulala, akarudi asubuhi kuandikiwa jibu. Leo mnunuzi wa kahawa huandika barua pepe asubuhi, na jioni akaona ajabu kwamba hajajibiwa. Mwenye kujibu ni karani aliyeketi ghalani katikati ya magunia, naye hana mwalimu kando yake. Ana simu tu.

Basi chombo chetu ni simu. Kompyuta hatuna. (Mgeni mmoja alituahidi kumi, akapiga picha ya darasa, akaenda zake, hatumlaumu, huenda alikuwa na ahadi nyingi.) Wanafunzi ni kumi na tisa. Kumi na mmoja wana simu za kupangusa, na waliobaki wana vitochi, simu zile za vibonye zitunzazo chaji siku nne. Mtu asiwacheke wenye vitochi: katika zoezi la hesabu ambalo tutalieleza sasa, hao ndio walioshinda mara kwa mara, kwa sababu wamezoea kusikiliza.

Kujifunza lugha kwa sauti itokayo mbali si jambo jipya. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, na wazee wetu wengine walijifunza hivyo, wakirudia maneno mbele ya sanduku lisilowajibu. Simu imeongeza jambo moja tu, lakini ni kubwa: yaweza kunasa sauti ya mwanafunzi mwenyewe na kumrudishia masikioni. Mara ya kwanza kila mtu huichukia sauti yake. Mama mmoja wa maparachichi alisema, "Huyu si mimi, huyu ni shangazi yangu." Darasa lilicheka hata tukashindwa kuendelea.

Tazama sasa faida yake. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hufanya hivyo bila ya kufikiri. Mwingereza, akitaja kumi na tano, yaani "fifteen", hukaza mwisho wa neno na kuuvuta. Akitaja hamsini, yaani "fifty", hukaza mwanzo. Mtu wetu akisema "fifteen" kwa desturi ya Kiswahili hukaza mwanzo, na aliye upande wa pili wa simu husikia hamsini. Ni vivyo hivyo kwa kumi na tatu na thelathini, kumi na nane na themanini. Katika somo la shule kosa hilo ni alama moja. Katika biashara ya kahawa, kati ya kumi na tano na hamsini pana magunia thelathini na tano.

Kwa hiyo humtuma mwanafunzi mmoja nje, chini ya mparachichi, aagize mali kwa sauti kupitia WhatsApp: masanduku kadha, kwa bei kadha, yafike tarehe kadha. Walio ndani huandika walichosikia bila ya kuulizana. Kisha anaingia, twalinganisha, naye anaisikiliza sauti yake pamoja nasi. Hakuna haja ya mwalimu kumkemea. Madaftari kumi na manane yameandika hamsini, na yeye alitaka kumi na tano. Wenye kitochi hupigiwa simu ya kawaida, na huandika vilevile. Tumewafundisha pia desturi ya wafanya biashara wa simu, kutaja tarakimu moja moja baada ya hesabu nzima: kumi na tano, moja, tano. Tangu hapo makosa yamepungua sana.

Katika somo la anwani za barua pepe tuliulizwa habari za alama ile ya @, kwamba ilitoka wapi. Jibu lilifurahisha makarani. Ilikuwa alama ya wenye maduka na vitabu vya hesabu tangu zamani, maana yake "kila kimoja kwa bei ya". Mtu aliandika magunia kumi, kisha alama hiyo, kisha shilingi tano. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, alipotengeneza njia ya kupeleka barua kutoka kompyuta hata kompyuta, aliichagua itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Karani mmoja alisema kumbe barua pepe nayo imetoka dukani kama yeye.

Tuje kwenye tafsiri. Google walianza kutafsiri Kiswahili kwa mashine mwaka 2009, na siku hizi kijana hata akiwa na Kiingereza cha kutosha hutumia mashine hiyo kwanza, kichwa chake baadaye. Hatuikatazi. Lakini twawaonyesha mahali inapojikwaa, na kubwa ni saa zetu. Kijana mmoja anayeongoza wageni aliandika kwa Kiswahili, "Mwe tayari saa nne asubuhi," akaipa mashine, nayo ikaandika saa ya nne ya Kizungu, yaani saa kumi ya alfajiri. Wageni ni watu wenye kutii. Waliamka gizani, wakavaa makoti, wakaketi barazani mwa nyumba ya wageni tangu saa kumi hata saa nne, na alipofika kwa furaha zake kuwaamkia, hawakumwitikia. Tumeijaribu sentensi hiyo mara kadha tangu hapo. Mara hutoa saa kumi ya Kizungu, kama ipasavyo, mara nne. Mashine ingekosa kila siku, tungejua la kufanya. Hii hukosa siku moja katika siku kadha, na siku hiyo huijui.

Liko na jambo la "yeye". Kitenzi chetu hakitengi mume na mke. Kiingereza hutenga, na mashine ikikosa habari mara nyingi humfanya mtu kuwa mwanamume. Mnunuzi mwanamke akiitwa kwa neno la kiume katika barua nzima hatasema neno, ila atajua kwamba barua haikusomwa na aliyeipeleka.

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili zilizolala chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilikatika upande wa kusini, na mtandao ukadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizopata taabu zaidi. Wengi wa wanafunzi wetu hawakuwa wamejua kwamba barua zao hupita baharini. Walidhani zinapita juu, minarani. Nyaya hizo ni za juzi tu: ya kwanza ilifika pwani yetu mwaka 2009, ya pili ikafuata mwaka 2010. Juma lile twalifundisha kwa chaki. Tuliwapa barua ya kuandika kwa mkono, ya kumwuliza muuzaji bei ya magunia matupu, na tukaona mambo mawili tusiyoyatazamia. Wenye vitochi walimaliza upesi. Na kijana mmoja, ambaye barua zake za majuma yote zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani, aliketi nusu saa akiwa ameandika tarehe tu. Tulipomkaribia alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sijui barua huanza na nini." Alikuwa amekwisha peleka barua thelathini kwa watu wa nje.

Hapo ndipo tulipoanza kuitazama kwa makini mashine ya pili, ile isiyotafsiri tu bali hutunga yenyewe. Ya kwanza kujulikana na watu wote, ChatGPT, ilitolewa tarehe 30 Novemba, 2022, na nyingine zimeifuata. Ukiiambia neno moja hukurudishia ukurasa, na Kiingereza chake hakina kosa la sarufi. Waalimu wengine huiogopa kwa sababu wanafunzi watadanganya katika mtihani. Hofu yetu si hiyo. Darasa letu halina mtihani, wala hakuna wa kumdanganya.

Katika msimu wa kahawa wa mwaka huo huo wa 2024, karani mmoja wa chama cha msingi, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, mwaminifu, aliyeshika vitabu vya chama miaka mingi bila ya kupotea senti, alipata barua kutoka kwa mnunuzi wa nje aliyetaka kujua chama kitakuwa na kahawa kiasi gani. Karani aliiandikia mashine kwa Kiswahili: waambie twatarajia magunia mia tatu tukijaliwa, andika kwa Kiingereza kizuri cha biashara. Mashine ikatii. Iliandika barua nzuri mno, na katikati yake mlikuwa na maneno haya: "We are pleased to confirm 300 bags of 60 kilos, FOB Dar es Salaam." Karani aliisoma, akaona ina adabu, akaipeleka. Baada ya siku mbili mnunuzi alijibu kwamba amefurahi kuthibitishiwa, naye ataka kujua ni juma gani meli itapakiwa.

Alikuja darasani jioni ile na simu mkononi, hakuketi. Tuliandika maneno ya barua ubaoni, neno moja moja, tukayachambua mbele ya wote kwa ruhusa yake.

La kwanza, yeye alisema "twatarajia", na mashine imesema "twathibitisha". Mtu atarajiaye amesema habari za moyo wake. Mtu athibitishaye ametoa ahadi, nayo yaweza kudaiwa. Neno "tukijaliwa" lilikuwa limetupwa kabisa, na kwetu neno hilo si pambo la maneno, ndiyo mpaka wa ahadi yenyewe.

La pili, gunia. Chama hupokea kahawa ya maganda, na karani alipotaja gunia aliwaza gunia la kilo 50 la maganda, kama lilivyo ghalani mwake. Mnunuzi wa nje hununua kahawa safi iliyokobolewa, kwa gunia la kilo 60. Kahawa ikikobolewa hupungua kama sehemu moja katika tano. Tukapiga hesabu ubaoni: magunia 300 ya maganda ni kilo 15,000, zikikobolewa hubaki kilo 12,000, zikigawanywa kwa 60 ni magunia 200. Chama kilikuwa kimeahidi magunia mia moja yasiyokuwako duniani, yaani kilo 6,000. Mnunuzi naye bila shaka alikwisha waza kontena zima, kwa kuwa kontena la futi ishirini huchukua magunia yapata 320.

La tatu ni zile herufi tatu, FOB, ambazo karani alizidhania kuwa jina la heshima. Ni kifupi cha masharti ya biashara ya meli, yaliyomo katika orodha ya Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris tangu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1936. Maana yake ni kwamba muuzaji hubeba gharama na hatari yote mpaka mali iwe juu ya meli: lori la kutoka Moshi mpaka bandarini, zaidi ya kilometa 500, karatasi za forodha, na gharama za kupakia. Hakuna mjumbe wa chama aliyelijadili jambo hilo. Mashine iliweka herufi hizo kwa sababu barua za namna hiyo huwa nazo.

Darasa likawa kimya. Kisha wakaanza mashauri, nayo hayakuwa ya namna moja. Kijana mmoja alisema wanyamaze, wanunue pungufu kwa vyama vya jirani. Mwingine alisema waandike kwamba kompyuta imekosa. Mama wa maparachichi alikataa yote mawili. Alisema, "Barua ina jina la chama. Mnunuzi hakuandikiana na kompyuta." Karani mwenyewe hakusema kitu kwa muda mrefu, na tulijua anachokiwaza: kamati yake itakutana Jumamosi, na wako watu waliokuwa wakikitaka kiti chake.

Tuliitunga barua ya kusahihisha ubaoni, sentensi saba, kwa Kiingereza chepesi ambacho karani aliweza kukieleza kila neno. Ilisema kwamba barua ya kwanza ilitaja hesabu isiyo sahihi. Kwamba chama chatarajia kahawa safi magunia 200 ya kilo 60, wala hakiwezi kuthibitisha kabla ya kukoboa. Kwamba masharti ya usafirishaji hayajapatanwa. Na kwamba chama chaomba radhi kwa usumbufu. Neno gumu lilikuwa "expect". Wengine walitaka "hope", ambalo ni tumaini tu, nasi tuliona lapunguza mno, kwa sababu miti ilikuwa na matunda na hesabu haikuwa ndoto. Tulibishana juu ya neno hilo moja karibu robo saa, na twasema bila kusita kwamba ilikuwa robo saa bora kuliko zote tulizofundisha mwaka ule.

Jibu lilikuja siku ya tatu, mistari minne. Mnunuzi alishukuru kwa kuambiwa mapema. Akasema nafasi iliyobaki katika kontena ataijaza kwingine, na kwamba ataonja sampuli kwanza, kisha bei itazungumzwa upya. Ilizungumzwa, ikawa chini kidogo ya ile ya mwanzo. Kamati ilimwacha karani kazini, ikaagiza kwamba barua yoyote ya nje isomwe na watu wawili kabla ya kwenda. Yeye huona ni aibu kidogo. Sisi twaona ilifaa iwe hivyo tangu zamani.

Baada ya hayo hatukuifukuza mashine darasani. Mtu hafundishwi kuogelea kwa kufichwa mto, naye akiondoka darasani ataikuta mfukoni mwake. Ila tumeibadilishia kazi. Jioni moja kwa juma twaiagiza itunge barua, na wanafunzi, wakiwa wawili wawili, hutafuta kila ahadi iliyomo na kuipigia mstari: "will", "confirm", "ensure", "guarantee". Kwa kila moja lazima waulizane, Je, nani amesema haya? Tulikusudia? Twaweza? Barua moja ya mistari kumi na miwili ilipatikana na ahadi sita, wakati aliyeagiza alikuwa na moja. Jioni ya pili hufanya kinyume: mwanafunzi huandika barua yake kwa kalamu, kisha huiomba mashine imwonyeshe makosa ya sarufi tu, bila ya kuongeza neno. Mara nyingi huongeza tu. Kuligundua neno lililoongezwa kumekuwa mchezo wao. Jambo jingine twalolikaza ni kwamba namba za benki za chama, na bei ambayo bado ni siri kati ya wauzaji, zisiandikwe humo kabisa.

Waalimu wenzetu wa vijiji vingine wametuuliza gharama. Si kubwa. Simu moja ya kupangusa yatosha kuanza, ikiwa mwenyewe ni mtu wa moyo. Video ziachwe, maana video ya dakika tano hula bando kuliko barua za mwaka mzima, lakini sauti na maandishi hula kidogo sana. Sauti zinaswe bila mtandao, ndani ya simu, zikasikilizwa hapo hapo. Shule nyingi hukataza wanafunzi kuja na simu, basi afadhali kuanza na watu wazima jioni, na kumweleza mwalimu mkuu mapema. Chaji twailipia dukani kwa mchango wa darasa. Barua za mfano twaziandika katika daftari moja kubwa linalokaa kabatini, ili siku nyaya za baharini zikikatika tena tusianze upya. Mpaka sasa limefikia ukurasa wa 74, na aliyeliandika kwa mwandiko mzuri kupita wote ni yule kijana aliyekuwa hajui barua huanza na nini. Muhula huu twaendelea na barua za kudai fedha, ambazo akina mama wa maparachichi waliziomba wenyewe, kwa kuwa duka moja limekaa na mali yao tangu Februari.